Anayetaka kufundisha kusini na akaishi kwao kwanza

Tangu mwezi wa Agosti 2019, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, yaani SADC, walipokutana Dar es Salaam na kukiidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, sijahudhuria kongamano la wanakiswahili humu nchini ambalo halikuwa na mtu wa kusimama na kutangaza kwamba soko limefunguka. Karibu mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2018, Waziri wa Elimu ya Msingi wa Afrika Kusini alikuwa ametangaza kuwa Kiswahili kingeingizwa katika shule za huko kama somo la hiari kuanzia 2020. Kisha ikaja habari ya visa: kuanzia Januari mosi 2023, Wakenya wakaondolewa sharti la visa kwa ziara za Afrika Kusini zisizozidi siku 90 kwa mwaka. Basi wasemaji wetu wakapata la kusema. Walimu tunao, vitabu tunavyo, kilichobaki ni kufunga mizigo.

Nami nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Si haba lugha yetu kupata hadhi hiyo. Lakini kuna swali ambalo hatujiulizi. Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa nne, vijana hodari ambao baadhi yao wameshaanza kuota mishahara ya randi, ni nani miongoni mwao awezaye kumwamkia mtu kwa lugha yoyote ya kusini mwa Afrika. Darasa lilinyamaza. Hatimaye mmoja akatamka "sawubona", nilipomwuliza ameipata wapi akasema ameisikia katika filamu. Hao ndio tunaotarajia kuwapeleka kwa Wazulu, Waxhosa na Watswana wakawafundishe watoto wao lugha! Ni nani humu nchini ambaye angemkabidhi mwanawe kwa mwalimu wa namna hiyo?

Shabaha ya makala haya ni kupendekeza jambo moja tu: kwamba mwanafunzi wa Kenya anayesomea ualimu wa Kiswahili kwa nia ya kwenda kusini apelekwe kwanza huko kama mwanafunzi, akae muhula mzima katika nyumba ya mwenyeji, ale wanachokula, atumwe dukani wanakotumwa watoto wa nyumba hiyo, na ajifunze lugha ya nyumba hiyo. Si bweni la wageni wala hoteli, bali nyumba yenye mama na nyanya, na mbuzi wake uani.

Asidhani msomaji kwamba njia ya kusini ni mpya kwetu. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni hii mwaka 1944, alisoma Fort Hare, Afrika Kusini, kabla ya kufika Oxford. Charles Njonjo naye alipitia Fort Hare. Kwa upande mwingine, enzi za ubaguzi wa rangi, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia kwao walisomeshwa Mazimbu, karibu na Morogoro, katika chuo cha chama cha ANC kilichopewa jina la Solomon Mahlangu. Wazee wetu, kwa hiyo, waliijua njia hiyo vyema. Sisi tuliofuata ndio tulioiacha ikaota nyasi, tukaamini kwamba kusoma ng'ambo maana yake ni kuelekea kaskazini, mahali penye theluji.

Hata mimi nilikuwa na imani hiyo. Mwaka 2009, nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu, nililazimika kwenda Botswana kwa miezi sita. Nilipopeleka fomu zangu katika ofisi moja iliyohusika na ufadhili (na jina lake silitaji), ofisa aliyezipokea alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nilinyimwa nafasi ya Uingereza. Ukweli ni kwamba nilikuwa na huruma ile ile juu ya nafsi yangu. Nilitaraji kukaa bwenini mjini Gaborone, niwe nikitoka asubuhi na kinasa sauti, jioni nirudi. Profesa aliyenipokea alikataa katakata. Alinipeleka Mochudi, mji mkuu wa Wakgatla, yapata kilomita 40 kutoka Gaborone, akanikabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa akiishi na mama yake mzazi na wajukuu watatu. "Huyu hajui kitu," akawaambia kwa Kitswana, jambo nililokuja kulifahamu baadaye.

Na kweli nilikuwa sijui. Siku ya kwanza jioni nilikuwa nimekaa karibu na moto, chungu cha chuma cha miguu mitatu kikitokota, nyanya alipotoka chumbani akaniuliza: "O kae?" Nikayachambua maneno yale kwa haraka kama ilivyo kawaida ya mwanaisimu: "o" ni wewe, "kae" ni wapi. Uko wapi? Nikajibu kwa Kitswana changu cha kitabuni kwamba niko jikoni. Watoto walicheka hadi mmoja akaanguka. Kumbe ile ni salamu ya kawaida kabisa, na jibu lake ni "Ke teng", yaani nipo. Isitoshe, nilikuwa nimekosa mara mbili, maana nilipaswa nimwamkie nyanya kabla hajaniamkia, tena kwa kiambishi cha wingi, kana kwamba yeye ni watu wengi. Mkubwa haamkiwi kwa umoja.

Siku iliyofuata nilivuna aibu nyingine. Tulipokaa kula, mama mwenyeji alinisogezea sahani ya uji mgumu wa mtama na nyama iliyopondwa, kile wanachokiita seswaa, akaniambia: "Ja!" Mimi nikainuka, nikamwendea. Kwa sikio la Mswahili, "ja" ni kuja. Kwa Mtswana ni kula. Alikuwa akiniambia nile, nami nilikuwa nimesimama mbele yake kama askari aliyeitwa na mkubwa wake.

Nayasimulia haya kwa kuwa ndani yake mna somo la ualimu ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha kufundishia Kiswahili kwa wageni. Vitabu vyetu, hata vile tunavyoviandika wenyewe, vimeandikiwa Mzungu. Vinaanza kwa kumtuliza mwanafunzi asishtuke kwamba nomino zimegawanyika katika ngeli, kisha vinatumia wiki chungu nzima kumweleza maana ya upatanisho wa kisarufi. Mtswana hahitaji kutulizwa. Anajua kwamba mtu mmoja ni "motho" na wengi ni "batho". Mwambie "nakupenda", atakuonyesha yake, "ke a go rata", yenye mtendwa kabla ya mzizi wa kitenzi kama ilivyo kwetu. Mwambie shuleni, atakwambia "sekolong"; kile kiambishi cha -ni tunachokitia mwishoni mwa neno kuonyesha mahali, yeye anacho, nacho ni -ng. Mambo ambayo Mwingereza huyatokea jasho muhula mzima, kwake ni mambo ya nyumbani.

Kinachomsumbua ni kingine kabisa. Atamsikia mwalimu akisema "mgeni anakuja" naye aelewe kwamba mgeni anakula. Atashangaa kwa nini maneno yetu yameng'olewa meno. Mvua kwake ni "pula", njaa ni "tlala", njia ni "tsela". Ile "l" ambayo Kiswahili kiliidondosha zamani baina ya irabu, Kitswana kimeihifadhi, kama walivyoihifadhi majirani zetu Wagiriama wasemao "mvula" na "nzala". Mwalimu anayelijua hilo atampa mwanafunzi wake maneno mengi kwa somo moja. Asiyelijua atamkaririsha neno moja moja, kana kwamba Kiswahili kimetoka mwezini.

Je, haya hayawezi kusomwa maktabani Nairobi? Baadhi yake yanawezekana. Wilhelm Bleek, yule Mjerumani aliyelieneza jina la "Bantu" katika taaluma, alichapisha sehemu ya kwanza ya sarufi yake linganishi mwaka 1862 akiwa Cape Town, na tangu hapo wataalamu hawajaacha kulinganisha. Lakini orodha ya maneno haimfundishi mtu mahali pa kuteleza. Mimi nilikuwa nimezisoma orodha hizo zote kabla sijapanda ndege, na bado niliambiwa nile, nikasimama.

Halafu kuna suala la toni. Kiswahili hakina toni, nasi tuliobobea katika Kiswahili hujisahau tukadhani masikio yetu ni kamili. Kwa Kitswana kusema ni "go bua", na kuchuna ngozi ya mnyama ni "go bua". Kinachotenganisha ni kupanda na kushuka kwa sauti peke yake. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimweleza nyanya, kwa adabu zote, kwamba ninachuna Kitswana kidogo kidogo. Alinirekebisha huku akipepeta mtama, mara ishirini, mara thelathini, bila ya kuinua macho. Kilichoniokoa si Kiingereza changu cha chuo kikuu wala si Kiswahili sanifu. Ni lugha ya mama yangu, ile niliyochapiwa viboko shuleni kwa kuinena, kwa kuwa nayo ina toni. Nilipoanza kumsikiliza nyanya kwa sikio la kijijini kwetu ndipo nikaanza kusikia.

Hayo ni ya lugha. Lakini nyumba ile ilinifunza na mambo ambayo hayamo katika sarufi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Nilikuwa nikimwona nyanya akiwa na hamu isiyo ya kawaida ya kutaka kujua Chuo Kikuu cha Botswana kinaendeleaje. Huuliza kama majengo yamepakwa rangi. Huuliza kama walimu wanafika darasani kwa wakati. Nikadhani labda ana mjukuu anayesoma huko. Siku moja akanieleza. Zamani Botswana, Lesotho na Swaziland (nchi ambayo tangu 2018 inaitwa Eswatini) zilikuwa na chuo kikuu kimoja, chenye makao yake Roma, Lesotho. Mwaka 1975 Lesotho ilijitoa na kuitwaa ile kampasi, na Watswana wakajikuta hawana pa kusomesha watoto wao. Nchi ilikuwa maskini. Mwaka uliofuata Rais Seretse Khama aliwaita wananchi wachange, na mchango huo ukaitwa "Motho le motho kgomo", maana yake kila mtu na ng'ombe. Watu wakatoa ng'ombe. Asiye na ng'ombe akatoa nafaka, asiye na nafaka akatoa mayai. Ndipo kikajengwa chuo ambacho mwaka 1982 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Botswana. Mume wa nyanya, marehemu, alitoa dume jekundu. Alinieleza rangi yake, na jinsi pembe moja ilivyokuwa imepinda.

Kwa hakika hapo Mochudi halikuwa jambo geni. Juu ya kilima cha Phuthadikobo lipo jengo la shule ambalo Wakgatla walijijengea wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya mtawala wao Isang Pilane, vikosi vya marika vikifyatua na kubeba matofali. Siku hizi ni makumbusho. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya Harambee tungepaswa kuyaelewa haya upesi kuliko watu wengine, kwa maana shule ngapi za vijiji vyetu zilijengwa kwa kuku na debe la mahindi? Lakini niliishi miaka mingi katika vyuo vikuu pasipo kukutana na mtu aliyenitazama kama nyanya yule alivyonitazama, kwa jicho la mwenye mali. Kwake mimi nilikuwa sehemu ya ng'ombe wake. Nilipochelewa kurudi usiku aliniuliza nilikokuwa, na safari hii swali la uko wapi lilikuwa na maana yake halisi.

Sitaki kupaka mambo sukari. Kusini mwa Afrika si mahali ambapo kila Mwafrika hupokewa kwa shangwe. Mei 2008, mwaka mmoja tu kabla ya safari yangu, watu zaidi ya 60 waliuawa nchini Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, na vurugu za namna hiyo zilirudi 2015 na 2019. Lipo neno ambalo Mwafrika mgeni huitwa huko, "lekwerekwere", na kwa wingi "makwerekwere". Inasemekana ni mwigo wa sauti, yaani ndivyo maneno ya mgeni yanavyosikika masikioni mwa mwenyeji, kwere-kwere, makelele yasiyo na maana. Mwanaisimu hawezi kutukanwa vizuri zaidi ya hapo. Botswana nako neno hilo lipo. Wakati ule lilikuwa likiwaangukia zaidi Wazimbabwe.

Lilinifikia mimi katika kituo cha mabasi cha Gaborone. Nilikuwa nimesimama na mama mwenyeji tukingoja kombi ya kurudi Mochudi, na utingo mmoja akalitamka huku akinionyesha kwa kidevu, akiwacheza wenzake. Mama hakupandisha sauti. Alimwamkia kwanza yule kijana, kama kwamba hakusikia kitu, akamngoja aitikie. Kisha akamwambia: "Huyu ni mwanangu." Kijana akaniangalia, nami nikamwamkia kwa Kitswana nilichofunzwa na nyanya, kwa toni zake. Akacheka, akatuonyesha viti vya mbele. Nauli tulilipa kama wengine.

Sidai kwamba salamu moja inazima chuki. Waliouawa mwaka 2008 wengi walizijua salamu za wenyeji wao, tena kuliko mimi. Ninalodai ni dogo zaidi: kwamba mwalimu anayefika kutoka Nairobi na shahada yake, akakodi nyumba katika mtaa wenye ulinzi, akazungumza Kiingereza kazini na Kiswahili darasani, atabaki mtoa makelele hadi siku mkataba wake utakapokwisha. Hatakuwapo mama wa kumsemea kituoni, wala yeye hatakuwa na neno la kumjibu utingo.

Najua vilevile kwamba mipango ya kukaa na familia ina kasoro zake. Kuna makundi ya wanafunzi wa kigeni wanaopelekwa katika mitaa ya watu weusi ya Cape Town na Durban kwa wiki mbili, wakapigwa picha na watoto wasiowajua majina, wakarudi kwao wakiwa wameiona Afrika. Kuna nyumba ambazo mwanafunzi hufunga mlango wa chumba chake jioni nzima, akazungumza na mama yake mzazi kwenye simu, mama mwenyeji akabaki na chakula kinachopoa. Aidha mwenyeji hulipwa, na pesa zina tabia ya kumgeuza mgeni kuwa mpangaji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na naona hilo ndilo dawa: mwanafunzi alipe gharama za chakula chake, lakini pia ashike jembe. Mimi nilipewa kazi ya kuchota maji bombani na kupeleka nafaka kusagwa. Disemba tulihamia masimo, mashambani, maana Mtswana wa jadi ana makao matatu, mjini, shambani na kule malishoni kwa ng'ombe. Huko nilipalilia mtama kwa ubaya uliowafurahisha majirani. Hakuna aliyenichukulia kama mpangaji baada ya hapo.

La kushangaza ni kwamba sisi Wakenya tunaujua mpango huu barabara, ila tunaujua kutoka upande wa pili. Kwa miaka mingi kabla ya 2014, vijana wa Kimarekani wa Peace Corps walikuwa wakiletwa humu nchini, na kabla ya kupewa darasa lolote la kufundisha, walipelekwa katika nyumba za watu, mathalani Loitokitok, wakajifunza Kiswahili kwa kutumwa na kuchekwa. Botswana nako ni hivyo hivyo. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, iliona haifai kumtuma mwalimu kijijini kabla hajawa mtoto wa nyumba fulani ya hapo kijijini. Sisi tulikuwa ndio wenyeji, tukapika chai, tukarekebisha matamshi, na tulipofika zamu yetu ya kutuma walimu tukasahau yote tuliyoyaona jikoni mwetu wenyewe.

Wapo watakaosema hakuna fedha. Ziko gharama, sikatai. Lakini si lazima kila kitu kinunuliwe. Chuo kikuu cha Kenya na chuo kikuu cha kusini vinaweza kubadilishana: kumi waende Mochudi, Kanye au KwaMashu, kumi waje Kakamega, Murang'a au Lamu, na kila upande uwatafutie wageni wake nyumba zilizokaguliwa, hasa kwa usalama wa wasichana. Wale watakaokuja hapa watarudi kwao wakiwa walimu wa Kiswahili wenye lugha mbili tayari, na huenda wakawa bora kuliko wetu. Sioni ubaya. Kiswahili hakikuwa mali ya Wakenya hata siku moja.

Pendekezo la namna hii niliwahi kuliandika, kurasa nne, nikalipeleka kwa wahusika pamoja na hesabu ya nauli. Nilijibiwa kwamba lingejadiliwa katika kikao kijacho. Vikao vitatu vimepita. Nyanya alifariki, Mungu amrehemu, na mama mwenyeji sasa ndiye nyanya wa nyumba ile. Hunipigia simu kila mwaka mvua zinapoanza kwao, na tukishaulizana tuko wapi na kujibizana kwamba tupo, huniuliza wanafunzi wangu watafika lini. Mara ya mwisho aliniambia chumba changu cha zamani amekitia vitanda viwili.